Nina sapu (mtihani wa marudio) Jumatatu na gazeti letu linatoka Jumatatu hiyohiyo. Naombeni ushauri

Binti Wino (Jumatano, saa 2:47 usiku)

Habari za jioni wanajamvi. Ni marefu kidogo, naomba msome mpaka mwisho.

Namaliza mwaka wa pili, shahada ya sayansi, kemia, chuo cha serikali. Sitakitaja. Advansi nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nilitaka udaktari, pointi hazikutosha nikapata kemia. Mwaka wa kwanza wote nilienda darasani kama mtu anayesindikiza wenzake. Sikulichukia somo wala sikulipenda. Nilikuwepo tu.

Desemba rafiki yangu akaniingiza kwenye gazeti la wanafunzi. Kurasa nane za A4, tunachapa steshenari, nyingine tunazibandika kwenye mbao za matangazo. Habari yangu ya kwanza ilikuwa ya mama ntilie watatu wa nje ya geti waliopewa siku saba kuhama. Nilikaa nao siku mbili nikiosha sahani na kuuliza maswali. Wiki iliyofuata nikakuta mmoja wao amekikata kile kipande, amekibandika kwenye bati juu ya jiko, moshi umeshaanza kukifubaza. Akaniambia, "Mwanangu, hapa jina langu limeandikwa vizuri, hata kwenye kitambulisho walilikosea." Tangu siku ile nalala na kuamka nikiwaza habari.

Sasa nina sapu moja, Jumatatu saa 3 asubuhi, na toleo letu kubwa linatoka siku hiyohiyo. Siwezi vyote. Nawaza niiache sapu, somo liwe keri, nitalifanya mwakani. GPA yangu ni 2.9. Swali langu ni moja tu: kukaa na keri kuna ubaya gani? Walio na uzoefu naomba mnisaidie.

Dalali wa Tegeta (saa 2:58 usiku)

Ubaya wa keri ni kama deni la duka la Mangi. Unasema kesho nalipa, kesho yenyewe una sukari mpya umekopa. Fanya mtihani binti. Hayo magazeti hata maandazi siku hizi hayafungiwi, watu wanatumia mifuko.

Chausiku22 (saa 3:05 usiku)

Dada pole. Kaka yangu alianza hivihivi, yeye ilikuwa serikali ya wanafunzi. Mikutano, kampeni, fulana zenye picha yake. Keri moja, keri mbili, mwaka wa tatu akadisko, yaani akaondolewa chuo. Baba alikuwa ameuza shamba la migomba ekari moja kwa ajili yake. Alikaa Kariakoo miezi minne akituambia yuko chuoni, tukajua siku ya msiba wa bibi alipokuja na begi la mabelo, nguo za mitumba anazouza. Sasa hivi ana duka lake na anatulipia ada wadogo zake, ila mpaka leo ukitaja neno "mahafali" anatoka nje. Sijui kama nimekujibu.

Mzee wa Stensili (saa 3:20 usiku)

Wanangu msimdharau kwa sababu ni gazeti la wanafunzi. Mimi nimeingia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 80, tukakuta habari za gazeti la wanafunzi la Cheche bado zinasimuliwa kwenye vimbweta. Lilianza Novemba 1969. Vijana walichapa stensili wenyewe. Wahariri wake ni Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 likatoa makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu matabaka nchini, ikasomwa mbali sana. Novemba mwaka huohuo likafungiwa, na chama chao cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, nacho kikafungiwa. Lilidumu mwaka mmoja tu, na zaidi ya nusu karne baadaye tunalitaja.

Sasa angalia walioliandika. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba. Shivji profesa wa sheria. Mama Meghji akaja kuwa Waziri wa Fedha. Hakuna aliyeacha kitabu kwa sababu ya kalamu. Makala zao zilikuwa nzito kwa sababu walikuwa wanasoma kuliko waliowapinga.

Ripota Mstaafu (saa 3:41 usiku)

Binti, nimefanya kazi ya habari miaka 22. Nina maswali mawili kabla sijasema kitu. Sapu ni ya somo gani? Na habari kuu ya hilo toleo ni ipi?

Binti Wino (saa 3:50 usiku)

Shikamoo mzee. Habari kuu ni ya mambo ya kitaaluma chuoni. Swali langu lilikuwa kuhusu keri tu.

@Mzee wa Stensili asante sana, nimeisoma mara tatu. Ndicho ninachowaambia watu, wale wangeogopa mitihani Cheche lisingekuwepo.

Mzee wa Stensili (saa 3:54 usiku)

Sijasema hivyo mwanangu. Nimesema kinyume chake.

Mama Neema wa Usa River (saa 4:10 usiku)

Mimi sina la kusema kuhusu keri. Ila nimesoma neno kemia nikashtuka, maana huku kwetu Meru, Arusha, tunahitaji mtu wa kemia anayejua kuandika. Meno ya watoto wetu ni ya kahawia kwa sababu ya floridi kwenye maji. Wangu wa kwanza anafunika mdomo akicheka. WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na sisi kwa miaka mingi kiwango cha nchi kiliruhusu mpaka 4. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachosafisha maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kitu kizuri kabisa. Waandishi wanakuja, wanapiga picha ya mtoto amekenua, wanaondoka. Hakuna anayetueleza kwa nini kisima cha jirani ni salama na changu si salama, na wala hatujui maswali ya kumuuliza mtu wa maji. Wewe ungejua. Usiache hiyo shule, nakuomba kama mama.

Kiboko ya Chai (saa 4:32 usiku)

Samahani wakuu, naomba niwe mbaya kidogo. Hii ni chai, na sukari imezidi.

Sapu ni Septemba. Septemba chuo kiko kitupu, mwaka wa kwanza hawajafika, wengine wako kwao wanalima. Gazeti la wanafunzi linatoka "toleo kubwa" kwa ajili ya nani, popo wa ukumbi wa Nkrumah? Halafu mama ntilie anaongea kama mtunzi wa mashairi. Halafu mzee wa watu kauliza maswali mawili mepesi kakwepa yote. Wiki ijayo tutaombwa namba ya kuchangia ada. Nimekaa humu miaka tisa, nazijua hadithi za kutengenezwa.

Chausiku22 (saa 4:36 usiku)

Hee! Na mimi nimeshatoa siri za familia.

Dalali wa Tegeta (saa 4:37 usiku)

Hoja ya Septemba ni nzito. Binti jitokeze.

Binti Wino (saa 5:02 usiku)

Nimelia kidogo, nimerudi. Siombi hela ya mtu.

Chuo kina watu wa sapu tu, na hao ndio wasomaji tunaowataka. Darasa letu tuko 60, tuliopata sapu ya somo hili moja ni 43. Somo ni kemia ya uchambuzi. Habari kuu ya toleo ni kuhusu somo hilohilo, na nimeiandika mimi.

Kilichotokea ni hivi. Machi indiketa ya EBT, kemikali inayobadilika rangi kuonyesha kipimo kimefika mwisho, iliisha maabara. Jaribio la kupima ugumu wa maji hatukulifanya. Tulipewa karatasi yenye majibu yaliyoandaliwa, kila kundi na namba zake, tukaandika ripoti kana kwamba tumepima. Baadaye mtihani ukaja na swali la alama 25 kuhusu jaribio hilo. Nilianza kukusanya ushahidi Juni, nina ile karatasi, nina maelezo ya wenzangu 14. Nimeshalipa steshenari elfu 40 za nakala 100. Hela ni ya kaka, alinitumia ya kula wiki ya sapu.

Sikusema mwanzoni kwa sababu nilijua mtasema naandika kwa hasira ya kufeli. Siyo hasira. Hakuna mwingine wa kuiandika. Na nikiingia kwenye chumba cha mtihani Jumatatu itakuwa kama nimekubali kwamba kila kitu kilikuwa sawa.

Ripota Mstaafu (saa 5:15 usiku)

Sasa tunaongea. Kiboko, mimi nilihisi jambo hilo tangu alipokwepa, sikuona uongo, niliona woga.

Binti, habari yako ni ya kweli na ni nzuri, na mtu pekee katika darasa lenu la watu 60 asiyefaa kuiandika peke yake ni mmoja wa wale 43. Usiposema ndani ya habari kwamba na wewe una sapu, siku ya kwanza tu watatoa matokeo yako na habari imekufa, na maelezo ya wale 14 yamekufa nayo. Halafu je, umempigia mwalimu wa somo? Na mtu wa maabara?

Binti Wino (saa 5:19 usiku)

Mwalimu hatajibu.

Ripota Mstaafu (saa 5:20 usiku)

Sikuuliza kama atajibu.

Binti Wino (saa 5:26 usiku)

Sijampigia. Naogopa akijua atatuzuia.

Ripota Mstaafu (saa 5:38 usiku)

Labda alishaandika barua tatu kuomba kemikali na anazo kwenye faili. Hapo mhusika wako anabadilika kabisa, na habari inapanda ngazi. Huwezi kujua bila kuuliza. Na kuna jambo hujaligusa: ninyi 60 mlitia saini ripoti za jaribio ambalo hamkulifanya, na wewe ukiwemo. Mwandishi anayeficha hilo anamwonea mwalimu.

Kuhusu keri: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake za 2017 zilileta sharti la elimu kwa waandishi, kiwango cha chini diploma. Nina wenzangu waliorudi darasani wana miaka 45, wanakaa dawati moja na watoto wa marafiki zao. Maliza hiyo shahada.

Mzee wa Stensili (saa 5:50 usiku)

Nami niongeze, maana hili linaniuma. Pale Mlimani enzi zetu kulikuwa na Punch, maandishi ya ukutani yasiyo na jina la mwandishi. Wengine waliyaona mchezo. Mwaka 1990 binti wa mwaka wa kwanza aliyeandamwa kupitia ukuta ule alijiua. Nilikuwa pale. Tulisimama tumeduwaa, wote tulikuwa tumepita mbele ya ule ukuta tukasoma. Karatasi ya ukutani ina watu ndani yake. Mtaje mwalimu ukiwa umemsikiliza.

Binti Wino (saa 5:58 usiku)

Nimesoma mzee. Sina la kujibu hapo.

Lakini bado mnaniambia niache. Miaka miwili nimekaa darasani bila kujua kwa nini nipo, sasa nimejua, mnasema nirudi kule nilikokuwa.

Kiboko ya Chai (saa 6:04 usiku)

Bado sijaridhika. Stori nzuri inaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye bando. Kuna mtu wa kemia humu?

Bunsen wa Kondoa (saa 6:09 usiku)

Yupo. Nafundisha advansi. Binti, bila kufungua desa: asidi ya siki na sodiamu hidroksaidi, kwa nini unatumia indiketa ya fenolftalini na siyo methili oranji?

Binti Wino (saa 6:11 usiku)

Asidi dhaifu, alkali kali. Mwisho wa titresheni pH inakuwa juu ya 7, na fenolftalini inabadilika rangi kuanzia karibu 8. Methili oranji inabadilika chini ya 5, ingekudanganya mapema.

Bunsen wa Kondoa (saa 6:12 usiku)

Sawasawa. Sasa unapima ugumu wa maji kwa EDTA. Kwa nini unaweka bafa ya kushikilia pH kwenye 10?

Dalali wa Tegeta (saa 6:31 usiku)

Kimya. Bureti imeziba.

Binti Wino (saa 6:40 usiku)

Sijui. Najua ni 10 kwa sababu desa limeandika 10.

Kiboko ya Chai (saa 6:42 usiku)

Nafuta neno chai. Anayetunga angegoogle ndani ya dakika mbili. Samahani dada.

Bunsen wa Kondoa (saa 6:55 usiku)

Hilo swali ndilo habari yako, unaliona? Umeandika kurasa ngapi kuhusu jaribio ambalo hujui linafanyaje kazi? Nisikilize.

EDTA inakamata kalisi na magnesiamu, ndizo zinazoleta ugumu. Lakini hata hidrojeni inaigombania. Pakiwa na asidi, hidrojeni zinajazana kwenye EDTA na metali hazipati nafasi. Bafa ya amonia inaziondoa. Kwenye 10, EDTA inakamata vizuri, na ile EBT yenu iliyoisha inatoka wekundu wa mvinyo kuwa bluu, unaona mwisho kwa macho. Bila EBT hakuna rangi, bila rangi huwezi kujua umefika. Kwa hiyo namba mlizopewa hata aliyeziandika hakuziona. Sentensi hiyo iweke kwenye habari.

Mama Neema wa Usa River (saa 7:03 usiku)

Mimi wa darasa la saba nimeelewa. Mwalimu endelea.

Binti Wino (Alhamisi, saa 1:20 asubuhi)

Sijalala vizuri. Nimepiga simu steshenari walipofungua, elfu 40 hairudi ila watashikilia kazi mpaka Alhamisi ijayo. Kuna mwenzetu wa kwenye gazeti anasoma sheria, nimemwomba aende na maswali kwa mwalimu na kwa mtu wa maabara, mimi nitatajwa ndani kama mmoja wa wenye sapu. Hajafurahi, na mhariri bado sijamwambia. Kaka naye sijamwambia kuhusu hela.

Mwalimu Bunsen, uko hewani? Nikizidisha alkali pH ikapita 12 kinatokea nini?

Bunsen wa Kondoa (saa 1:34 asubuhi)

Niko. Magnesiamu inaganda, inakuwa hidroksaidi inakaa chini, EDTA inabaki na kalisi peke yake. Kwa hiyo ukitaka kutenganisha ugumu wa kalisi na wa magnesiamu unapima mara mbili, kwa 10 na kwa 12, halafu unatoa. Hilo linapendwa sana kwenye mtihani. Nina kipindi saa 2, tuna dakika 20. Maji mililita 50, EDTA ya 0.01 M imetumika mililita 15. Kokotoa ugumu wote.

Binti Wino (saa 1:36 asubuhi)

Nachukua peni.