Proraso ya kijani, inastahili sifa zake? Tupeane uzoefu, wanyoaji wa Dar

Mwanzisha mada, Tabata

Wakuu, salaam. Kuna krimu ya kunyolea inaitwa Proraso, ile ya tyubu ya kijani, inatoka Florence, Italia. Ukiuliza wanaume wanaojali kunyoa waanze na krimu gani, wengi wataitaja hiyo kabla hujamaliza swali. Si ya jana. Kampuni ya Ludovico Martelli ipo tangu 1908, na kwao ni krimu inayokaa kwenye meza ya kinyozi wa kawaida. Mimi niliipata kwa shemeji aliyekuwa Milano, na tangu hapo nikisikia mtu anasafiri upande huo namwagiza.

Nilivyoiona mimi: povu lake ni zito, halikauki mapema usoni, na wembe unateleza. Ndani kuna mafuta ya mkaratusi na mentholi, kwa hiyo ukisuuza uso unapoa hasa. Kwa joto la Dar la Februari hiyo peke yake ni neema. Ila kuna sifa moja watu wanaipamba kupita kiasi, kwamba ukiitumia vipele vya kidevuni ndiyo kwaheri. Mimi vyangu vimepungua sana, na ninaamini kilichovipunguza ni namna ya kunyoa zaidi ya krimu yenyewe.

Nataka tusikie wenzetu, aliyetumia hii au krimu nyingine yoyote ya povu. Tafadhali mtu akichangia aseme ngozi yake ikoje, ananyoa na wembe gani na maji yake ni ya wapi. Tukiambiana tu "nzuri" au "mbaya" hatutasaidiana.

Mdau wa Kigamboni

Mkuu asante kwa kutaja maji, maana kwangu habari yote iko hapo.

Kwetu tunatumia maji ya kisima. Ni yale maji ukifulia, sabuni inakatikakatika na pembeni ya beseni unabaki utando wa kijivu. Nilikuwa na hiyo hiyo Proraso ya kijani, naizungusha kwa brashi kwenye bakuli, povu linapanda kidogo halafu linakaa vitobo vitobo na kushuka. Nikipaka shavuni, nikifika kidevuni shavu limeshakauka. Kuna jamaa aliniambia nimeuziwa feki.

Masika ilipoingia tukakinga maji ya mvua kwenye mapipa. Nikachukua chupa mbili ndogo za maji ya kunywa, moja nikatia maji ya kisima, nyingine ya mvua, kila moja nikatia tone la krimu la ukubwa wa punje ya mahindi, nikafunga nikatikisa. Ya mvua ilijaa povu hadi shingoni, jeupe, na nilipoigeuza chupa povu halikuteremka. Ya kisima ilipata kidole kimoja cha povu juu, na chini maji yakageuka kama ya mchele uliooshwa. Krimu ni ile ile, tyubu moja.

Sababu yake ni hii. Krimu ya aina hiyo kimsingi ni sabuni: asidi ya steariki na mafuta ya nazi yaliyochanganywa na haidroksaidi ya potasiamu. Maji magumu yana kalsiamu na magnesi, na hivyo vinaishika sabuni na kuifanya utando usiotoa povu. Chumvi ya kawaida nayo ikizidi inaizuia sabuni kuyeyuka vizuri. Sasa visima vingi vya mji huu vina yote mawili. Kwa hiyo ndugu zangu wa Kigamboni, Mbagala na kokote mnakotumia kisima, kabla hujaihukumu krimu yoyote inyolee mara moja kwa maji ya mvua au ya dukani. Kikombe kimoja kinatosha kutengeneza povu, kusuuza unaweza kusuuza na hayo hayo ya kisima.

Mwanzisha mada, Tabata

Hapa umenifungua, mkuu. Mimi napata maji ya bomba ya Ruvu, ndiyo maana sikuwahi kuona tatizo la povu. Je, ukichemsha ya kisima yanalainika?

Mdau wa Kigamboni

Kiasi. Kuchemsha kunaondoa ule ugumu unaoacha magamba meupe kwenye sufuria, unabaki mwingine, na chumvi haiondoki hata kidogo. Bora mvua.

Mzee wa Upanga

Nimesoma nikaona nami niseme machache. Nimenyoa kwa brashi na wembe wa pande mbili tangu ujana wangu, na hiyo ya kijani nimeitumia miaka mingi kwa kuletewa na watoto. Ninaipenda. Kisichosemwa sana ni kwamba haihitaji kuwa nyingi: kiasi cha ukucha wa kidole kidogo juu ya brashi iliyokamuliwa, kisha unaongeza maji matone kwa matone huku unazungusha. Vijana wanaikamua kama dawa ya meno halafu wanalalamika inaisha. Pia kuna krimu yao ya kopo ya kupaka kabla ya kunyoa, walianza kuitoa 1948. Kwa mwenye ndevu ngumu inasaidia, lakini uso uliotoka kuoga maji ya moto hauihitaji.

Mdau wa Mbagala

Shikamoo mzee.

Mimi niko upande mwingine kabisa, na nalisema kwa wale wenye vipele kama vyangu, vile vya usaha vinavyoacha madoa meusi shingoni. Nimepitia krimu za povu, jeli, kila kitu. Kuna kipindi nikahamia kwenye poda ya kuondoa nywele, ile unakoroga na maji, unapaka, unakwangua kwa kijiti. Jina siweki. Inafanya kazi kwa kuuyeyusha unywele, ndiyo maana inanuka yai viza, na vipele kweli vilitulia. Siku moja wageni walikuja nikiwa nimeshapaka, nikakaa nayo muda zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kopo. Shingo iliungua, ikachubuka, ikatoa maji, na doa lake halijafutika mpaka leo. Dawa inayoyeyusha unywele inaila na ngozi, hivyo anayeitumia asikae mbali na saa.

Sasa hivi sinyoi laini tena. Mashine ya umeme, naacha ndevu fupi kabisa zinazokwaruza kidole ukipitisha, basi. Vipele vimeisha bila krimu ya nchi yoyote. Kwa hiyo swali la mwanzisha mada mimi nalijibu hivi: kwa mtu wa ngozi yangu hakuna krimu ya kunyolea inayotibu vipele, na anayeahidi hivyo anadanganya watu.

Kinyozi, Mwananyamala

Nimesubiri watu waseme kwanza. Hii ndiyo kazi yangu, nyuso napitisha nyingi, na suala la vipele linaniuma kwa sababu wateja wanakuja wakiwa wameshaharibika shingo ndipo wanauliza.

Mdau wa Mbagala amesema kweli. Nywele zetu zinajikunja. Ukinyoa laini sana, ncha inabaki chini ya ngozi au juu yake kidogo, ikiota inapinda na kuingia ndani tena. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba, ndicho kipele. Madaktari wa ngozi wana jina lake refu, pseudofolliculitis barbae. Sasa krimu inafanya nini hapo? Inalainisha unywele na kuupa wembe mahali pa kuteleza, mkato unakuwa safi na hukwangui ngozi. Hiyo ni kazi kubwa, na Proraso inaifanya vizuri, nimeitumia kwa mteja mmoja wa ofisini anayekuja na tyubu yake. Ila kuuzuia unywele usipinde haiwezi, wala hakuna povu linaloweza.

Ninachokiona kinaleta tofauti kwenye kiti changu ni mambo ambayo hayauzwi kwenye tyubu. Taulo ya moto kwanza, ikae usoni mpaka ndevu zilainike. Unywele ukishiba maji unakatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mkavu, na huo ndio muda ambao watu wanauruka kwa haraka ya asubuhi. Halafu povu, nalo liachwe kidogo. Kisha wembe mmoja mpya. Zile za nyembe tatu au tano kichwa kimoja, ule wa kwanza unauvuta unywele juu na wa nyuma unaukata, ukiachiwa unarudi chini ya ngozi. Kwa nywele za kujikunja hilo ni kuita vipele kwa mkono wako.

Na mwelekeo. Shingoni nywele za watu wengi zinalala kwa kuzunguka, upande huu zinashuka, upande ule zinakwenda nyuma ya sikio. Mpapase mteja kwa vidole siku ndevu zimeota kidogo utaona, upande mmoja ni laini, ukigeuza mkono unakwaruza. Wembe ufuate ule upande laini, na ngozi usiivute. Mteja akinisisitiza nirudie kinyume ili iwe laini kabisa namkatalia kwa heshima, na wengine wameondoka kwa sababu hiyo. Afadhali aondoke.

Mwenye vipele vibichi sasa hivi, kaka, usinyoe. Acha wembe wiki nne au zaidi mpaka vitulie, na usivichokonoe kwa pini wala kwa kucha, ndiko makovu ya kuvimba yanakotokea. Vikizidi nenda kwa daktari wa ngozi. Na popote unaponyolewa, hakikisha wembe unafunguliwa kwenye karatasi mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinakaa kwenye damu kidogo sana iliyokauka. Mteja akiniomba aone wembe ukifunguliwa ninamheshimu zaidi.

Dada wa Sinza

Jamani na sisi tunanyoa. Mimi natumia Proraso ya tyubu nyeupe, ile yenye chai ya kijani na oti, kwa miguu na kwapa. Nilianza na ya kijani ya mume wangu na kwapani ule ubaridi ulikuwa mkali mno kwangu, mentholi na ngozi yangu havipatani hata kwenye dawa ya kuchua. Nyeupe haina ukali huo. Miguuni sioni tofauti kubwa na krimu nyingine yoyote nzuri, nasema ukweli. Kwapani ndipo naiona thamani yake, kwa sababu nywele zile zinaota pande zote na lazima upitishe wembe zaidi ya upande mmoja, sasa povu zito linakulinda.

Ombi langu kwa akina dada: kwapa ukishalinyoa usipake deodoranti muda uleule. Nyoa usiku, asubuhi ndiyo upake.

Mdau wa Magomeni

Mimi nimefuga ndevu, Alhamdulillah, kwa hiyo nanyoa mashavu ya juu na kusafisha shingo tu. Kwa mtu kama mimi tyubu moja inakaa mno. Nimeona tu povu jeupe zito linanificha mstari, naweza kukata mahali nisipopataka. Nikitaka mstari ulionyooka naupiga kwanza na mashine ndogo, ndipo napaka krimu chini yake. Kinyozi, hiyo ni sawa?

Kinyozi, Mwananyamala

Ni sawa kabisa, sheikh. Wengine pale kwenye mstari wanatumia mafuta yasiyo na rangi yanayoonyesha ngozi badala ya povu. Yote yanafaa.

Mdau wa Ubungo

Naomba kuuliza wakuu. Mimi hiyo ya Italia sijaiona kwenye maduka ninayonunua, na kipato changu hakiruhusu kuagiza. Natumia krimu ya tyubu ya kawaida ya supamaketi, na wakati mwingine sabuni ya kuogea. Vipele ninavyo ila si vingi. Nitafute hiyo au nibaki?

Mwanzisha mada, Tabata

Ndugu yangu, baki. Baada ya kuwasikia wote hapa mimi msimamo wangu umenyooka. Proraso sifa ya povu na ubaridi inastahili, naendelea kuinunua kwa sababu nafurahia kunyoa nayo. Lakini pesa ya kwanza usiiweke huko. Nunua brashi, nunua nyembe mpya za pande mbili, maana pakiti yake si ghali, na uupe uso maji ya moto. Krimu ya supamaketi ikitoa povu linalokaa mpaka umalize, imefanya kazi yake. Sabuni ya kuogea ndiyo ningeiacha, povu lake ni jepesi na linakausha ngozi, wembe unakwama katikati ya shavu.

Mdau wa Kigamboni

Na kama Ubungo kwenu ni kisima, chupa mbili kwanza.

Mdau wa Ubungo

Nashukuru sana. Nimeshatikisa hapa: chupa ya bomba imejaa povu, na ya kisima cha jirani imekaa vilevile mlivyosema, maji meupe. Kinyozi, swali la mwisho. Nimepapasa shingo, upande wa kulia nywele zinapanda juu kuelekea taya. Nianzie chini?

Kinyozi, Mwananyamala

Ndiyo, kulia anzia chini upandishe, kwa mikato mifupi, wembe usiukandamize. Kushoto papasa upya, usidhani ni sawa na kulia. Suuza wembe kila baada ya mikato michache, na ukimaliza maji baridi, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Spiriti usipake.