Mwanangu anawalilia dada zake Cinderella

Mama Zuhura, Ujiji
Habari zenu jamani. Naomba ushauri kwa wanaojua mambo ya watoto. Zuhura, kifungua mimba wangu, ana miaka 6, mdogo wake wa kiume ana miezi 3. Juzi nimekuta amembinya mtoto paja mpaka pamevilia damu. Kumuuliza, akasema kang'atwa na nzi.

Usiku umeme ulikatika, nikamsimulia Cinderella, binti anayeteswa na mama wa kambo na dada zake wa kambo, ile ya ndugu wawili Grimm wa Ujerumani. Nilitaka aone mwisho wa wenye wivu. Nikafika pale dada mmoja anakata kidole gumba cha mguu ili kiatu cha Cinderella kimwenee aolewe yeye na mwana wa mfalme, wa pili anakata kisigino, na siku ya harusi njiwa wanawadonoa macho. Zuhura akalia. Nilidhani kaogopa njiwa. Akasema, "Mama, lakini kisu aliwapa mama yao."

Ni kweli, kisu kilitoka kwa mama. Nilikosa jibu. Kwa nini awaonee huruma wale wabaya? Nimemharibu mtoto?

Mwalimu wa chekechea, Mwanga
Hujamharibu dada, kaielewa hadithi kutuzidi. Mwanasaikolojia Bruno Bettelheim, kwenye kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu hadithi hizi, anasema wivu wa ndugu kiini chake hasa si ndugu, ni wazazi: mtoto anaogopa penzi lao limehamia kwa mwingine. Ndiyo maana dada wale ni wa kambo. Msikilizaji anapata pa kuiweka chuki bila kuhisi amemchukia wa tumbo moja. Alfred Adler, tabibu wa Vienna, alimfananisha kifungua mimba na mfalme aliyeondolewa kitini. Zuhura alikuwa na mgongo wako peke yake miaka yote hiyo!

Ila Bettelheim anasisitiza mtoto kujiona Cinderella. Darasani kwangu nimeona vifungua mimba wakisimama upande wa dada, na wanastahili kusikilizwa. Msimulie ya Charles Perrault wa Ufaransa, ya 1697. Humo Cinderella anawasamehe dada zake, anawaoza kwa wakubwa wa ikulu siku ile ile.

Bibi wa Katubuka
Mwanangu Mama Zuhura, isome Sura Yusuf. Kabla ya kumtia mwenzao kisimani, wale kaka walisema Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba yao. Kosa lao kubwa, lakini walianza na uchungu wa watoto. Muulize mjukuu wangu uchungu wake uko wapi, na akikujibu usimkatize.

Mama Zuhura, Ujiji
Asanteni sana. Bibi, nilimuuliza. Akasema, "Kila siku unaniambia mimi mkubwa." Ni kweli nasema hivyo, akitaka kupakatwa, akitaka kulishwa, hata akilia.

Jana baba yao alibaki na mdogo, sisi wawili tukapanda daladala mpaka mwalo wa Kibirizi kununua dagaa. Kurudi, tulipoteremka kituoni, akaomba mgongo. Nikamfunga kwa kanga, miguu inaning'inia magotini kwangu, mfuko wa dagaa kaushika yeye. Hakusema neno mpaka tunafika mlangoni.

Usiku nikaanza ile ya Perrault, akakataa. Akataka ile ile ya njiwa, ila safari hii mama akitafute kisu asikione.