Saa 24 Mtwara–Mbamba Bay na kurudi, au rali ya pointi? Nianze na ipi?

Mkwera_Mkorosho
Wakuu, habari za jioni. Nina pikipiki Boxer BM150, si ya biashara, naitunza mwenyewe mwaka wa tatu huu. Nataka kuingia kwenye mashindano ya uvumilivu, yale ya kuendesha mwendo mrefu, siyo ya kuruka vichuguu. Nimesoma sana habari za Iron Butt Association ya Marekani. Mlango wao wa kuingilia unaitwa SaddleSore 1000, nao ni maili 1,000, yaani kilomita 1,609, ndani ya saa 24. Rali yao kubwa ni habari nyingine, siku 11 mfululizo.

Juzi nikachukua ramani, usingizi ukaniruka. Kutoka Mtwara mjini hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 820. Kwenda na kurudi ni 1,640! Unanawa uso Bahari ya Hindi, unanawa Ziwa Nyasa, unarudi nyumbani na umevuka kipimo kwa kilomita chache tu. Kama vile barabara ilichorwa kwa ajili ya jambo hili.

Chaguo la pili ni Dar. Kwenda na kurudi haifiki 1,150, kwa hiyo lazima niongeze hadi Morogoro na zaidi kidogo. La tatu, kuna dada mmoja humu aliwahi kugusia rali ya pointi hapahapa Mtwara na Lindi. Na kuna jamaa ananiuzia pikipiki ya cc 250 ya mtumba. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Fundi_Chuno
Nianze na hiyo 250. Achana nayo. Sisemi ni mbaya, ni tamu sana barabarani, ila waya wa klachi ukikatika Namtumbo utalala hapo ukisubiri kifurushi cha basi kutoka Dar. Boxer, kijiji chochote chenye mwembe kina kijana mwenye spana na waya wake mfukoni. Kwenye mwendo mrefu pikipiki nzuri ni ile ambayo fundi wa njiani anaijua.

Ila iandae. Cheni na sproketi vipya, vitembee kilomita 500 kabla ya safari, usifunge usiku wa kuamkia. Oili mpya. Beba tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, plagi, waya wa klachi, waya wa mafuta, pampu ndogo. Taa ya Boxer kwa safari ya usiku hainiridhishi, na ukifunga taa kali za mtumba chunguza kama betri inazibeba. Nimewahi kuletewa pikipiki imezimika kwa sababu ya taa tatu za kichina na redio juu.

Kijana_wa_Ligula
Mkuu piga hiyo ya Mbamba Bay. Hesabu ni nyepesi: 1,609 gawa kwa 24 unapata 67 kwa saa. Boxer inatembea 80 bila kulia. Wazungu wanafanya kila siku, sisi tunashindwa nini?

Dereva_wa_Semi
Mdogo wangu, hiyo 67 ni pamoja na kujaza mafuta, kukojoa, kula na kuzungumza na trafiki. Ukitembea 80 bila kupunguza, una saa 20 kitini na saa 4 za mambo mengine yote. Sasa niambie wapi utatembea 80 bila kupunguza. Kila kijiji kina kibao cha 50, matuta, mbuzi na watoto wa shule. Toka Mtwara hadi Mingoyo peke yake uhesabu vijiji. Ukipita 80 kwenye 50 utapigwa tochi, na dakika utakazokaa pale unaeleza habari za Marekani hazitarudi.

Mimi natembea hiyo njia. Tunashusha makaa ya mawe kutoka Mbinga kuja bandari ya Mtwara, mchana na usiku. Nikwambie ninachokiona nikiwa juu kwenye kichwa cha gari. Pikipiki inayokuja usiku naiona ni kitaa kimoja, sijui iko mbali au iko karibu, sijui ni pikipiki au gari lenye jicho moja. Gari likiharibika mwenzetu anakata matawi anatandaza barabarani kama alama. Mwenye gari anayakanyaga, wewe wa pikipiki yanakuangusha. Ukikuta majani kwenye lami usiku, shusha mwendo papo hapo, mbele kuna chuma kimelala bila taa. Na kati ya Tunduru na Namtumbo tembo wanavuka. Tembo hana reflekta.

Bi_Mikindani
Kaka Dereva kamaliza, ila niongeze la Kijana wa Ligula, maana nafundisha hesabu na siwezi kuacha. Wazungu unaowasema wengi huendesha kiangazi chao, mwezi wa sita au wa saba, jua linawaka saa 15, 16. Huku kwetu usiku ni saa 12 hivi mwaka mzima, uombe usiombe. Saa 24 za Mtwara ni nusu giza. Kilomita ni zilezile, safari si ileile.

Pia watu wanakosea wakidhani SaddleSore ni mbio. Aliyemaliza kwa saa 19 na aliyemaliza kwa saa 23 na dakika 50 wanapewa cheti kilekile. Kukimbizana barabara ya umma kungekuwa kosa la jinai, hata kwao.

Mimi ndiye niliyegusia rali ya pointi, basi nieleze vizuri. Mwandaaji anatoa orodha ya mahali, kila pahala pana pointi zake. Pa karibu na lami, pointi chache. Pa mbali na pabaya, nyingi. Unapewa orodha hiyo usiku mmoja kabla, unakaa na ramani na kikokotoo, unajipangia njia yako mwenyewe. Ukifika unapiga picha pikipiki ikiwa na kitambaa chenye namba yako, unaandika saa na kilomita za kwenye dashibodi. Ukikosea tarakimu moja, pointi zimekwenda. Ukichelewa kurudi, unakatwa kwa kila dakika, na ukipitiliza muda wa mwisho umetoka kabisa hata kama ulizunguka Tanzania nzima. Hiyo rali kubwa ya siku 11 ndivyo inavyokwenda, na jambo ninalolipenda ni kwamba hata kulala kuna pointi. Unaonyesha ushahidi kuwa ulisimama saa kadhaa, unalipwa.

Hebu fikirini ya kwetu. Daraja la Umoja pale Mtambaswala. Ndanda kwa watawa, pointi kiduchu maana pako barabarani. Shimo la Mungu Newala. Kilwa Masoko. Pwani ya Msimbati, ambako mchanga utakufundisha adabu. Na Tendaguru, kule Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, na dinosaria mmoja wa kutoka hapo leo amesimama makumbusho ya Berlin. Tendaguru ningeipa pointi kuliko zote, na ningejua wengi wataitamani na wachache watarudi kwa wakati.

Kijana_wa_Ligula
Dada umeniweza kwenye jua. Ila pointi si ni mchezo wa kupiga picha tu? Uvumilivu uko wapi?

Bi_Mikindani
Uvumilivu ni kuiona Tendaguru kwenye orodha, una saa tano zimebaki, na kuiacha.

Mzee_Nachingwea
Vijana, nimekuwa nasoma tu.

Mkwera_Mkorosho
Shikamoo mzee. Tunakusikiliza.

Mzee_Nachingwea
Marahaba. Nimeendesha pikipiki tangu barabara ya Tunduru ikiwa tope jekundu, mnavuta mashine kwa kamba. Hiyo lami mnaiona ni ya juzi. Sikujua kama kuna cheti cha kuumia matako, ningekuwa navyo vingi.

Nitasema la usingizi. Mwaka fulani natoka Songea kwenye msiba, nimekesha siku mbili. Nimepita Namtumbo, jua la saa 8 mchana, si usiku. Nilichokumbuka ni mti. Halafu nikakumbuka mti mwingine. Katikati ya miti hiyo miwili sikuwepo, na pikipiki ilikuwa inatembea. Nikasimama, nikaegemea mkorosho, nikalala hadi jua linazama. Usingizi wa namna hiyo haupigi hodi. Huanza kwa kusahau. Ukijikuta hukumbuki kijiji ulichopita sasa hivi, usinywe kahawa, simama ulale. Kahawa inakudanganya saa moja halafu inakudai zote.

Tena usile ugali mkubwa njiani. Ndizi, korosho kidogo, maji kila unaposimama. Na kitini funga ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Usicheke, jasho halikai na ngozi yako haichubuki.

Fundi_Chuno
Ya ngozi ya kondoo naithibitisha. Kiti cha Boxer sponji yake inalala baada ya saa nne, unakuwa umekalia ubao.

Nangurukuru_Njiapanda
Mbona njia ya Dar hakuna anayeitetea? Mimi niko huku pwani nitasema. Faida yake sheli ni nyingi na baadhi zinafungua usiku. Ubaya: msongamano wa kuingia na kutoka Mbagala unaweza kula saa mbili za watu. Na mvua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, mabasi yakalala pande zote mbili. Ukiichagua, iwe kiangazi, Juni hadi Septemba. Ukienda Morogoro unaongeza malori ya Zambia na Kongo. Kwa pikipiki ya 150, mimi mwenyewe nisingethubutu.

Njia ya Songea iko wazi zaidi ila mafuta upange. Boxer tangi lita 11, ukipiga kilomita 40 kwa lita usizidi 350 bila kujaza. Masasi jaza, Tunduru jaza hata kama bado lipo, Songea, Mbinga. Usiseme "nitajaza mbele" baada ya saa 3 usiku. Mbele wamelala.

Dereva_wa_Semi
Na baridi! Watu wa Mtwara mnajua joto tu. Mbinga mwezi wa saba alfajiri vidole vinakataa kushika klachi. Halafu kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni kilomita 66 za kona na miteremko. Wewe ukifika pale una kilomita 760 mwilini, ndio uanze kona. Kurudi unazipanda tena, na muda huo jua limeshazama.

Kuanzia Oktoba malori ya korosho nayo yanaingia barabarani. Usije na safari yako msimu huo.

Mkwera_Mkorosho
Nimewasoma wote mara mbili. Swali moja kabla sijaamua. Ushahidi unakuwaje? Nikifanya halafu hakuna anayeamini?

Bi_Mikindani
Risiti. Unakusanya risiti za mafuta tangu unapoanza hadi unapomaliza, hasa pale unapogeuzia, zionyeshe mahali, tarehe na saa. Hapo sisi tuna bahati, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, inakuja na vyote. Ila isome kabla hujaondoka. Nimewahi kupewa risiti ambayo saa yake ilikuwa nyuma kwa saa nzima, na ukishafika Tunduru huwezi kurudi Masasi kusahihisha. Piga picha na dashibodi ukiwa hapohapo kwenye pampu.

Mkwera_Mkorosho
Sawa. Nimeamua hivi, mniambie kama nimekosea.

250 nimeiacha. Saa 24 nimeiacha kwa mwaka huu, nimekubali hesabu ya giza. Mbamba Bay naenda, lakini kwa siku nne, kama mazoezi. Siku ya kwanza Mtwara–Songea, natoka saa 11:30 alfajiri, kilomita kama 660, nikipata wastani wa 60 nafika kabla ya saa 12 jioni. Nalala. Siku ya pili nashuka ziwani taratibu, nalala hukohuko. Ya tatu narudi Songea, ya nne nyumbani. Nitakusanya risiti zote kama vile nachunguzwa. Mafuta ni lita 41 hivi, naweka 45, bei nitasubiri tangazo la EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, la Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mwisho wa Juni.

Halafu Agosti, dada Bi Mikindani, tufanye hiyo rali yako. Jumamosi na Jumapili, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama tu, ukikutwa unaendesha gizani umetoka.

Kijana_wa_Ligula
Songea kwa siku moja tu? Hata babu yangu...

Mzee_Nachingwea
Babu yako namfahamu. Alipanda basi.

Bi_Mikindani
Agosti inawezekana. Tukiwa sita inatosha. Kila mmoja aje na leseni daraja A, bima hai, kofia ngumu, na namba ya mtu wa nyumbani imeandikwa kwenye karatasi ndani ya koti. Orodha naiandika mwenyewe na simwonyeshi mtu, hata mniletee pweza. Saa za kupumzika mchana zitakuwa na pointi. Anayekaa Liwale na anajua njia ya kutokea Nachingwea kama inapitika mwezi wa nane aniandikie pembeni.

Nangurukuru_Njiapanda
Kilwa Masoko nitasimama mimi na kitabu, nasaini. Mihuri sina ila nina wino.

Fundi_Chuno
Mkwera, hiyo pikipiki ilete Jumamosi tuikague beringi za gurudumu la nyuma. Nilikuona juzi unapita Chuno, lile gurudumu linacheza.

Mkwera_Mkorosho
Kumbe inaonekana? Nakuja kesho.