HII, Fincantieri au Mazagon Dock? Chama chetu kinataka hisa za mjenzi mmoja wa manowari

Mweka_Hazina14 (Jumatatu, saa 2:10 usiku)
Wadau, hamjambo. Chama chetu hapa Nairobi kimekubali kununua hisa za kampuni moja inayounda meli za kivita. Tumechuja hadi zimebaki tatu: HII (Huntington Ingalls Industries) ya Marekani, Fincantieri ya Italia na Mazagon Dock ya India. HII ilifunga 2024 ikiwa na oda za dola bilioni 48.7. Fincantieri ilipata oda mpya za euro bilioni 15.4 mwaka huohuo. Mazagon iliingia sokoni Oktoba 2020 kwa rupia 145 na imepanda kupita kiasi. Kura ni Jumamosi. Mngeenda na ipi na kwa nini?

Hesabu_Kavu (saa 2:31 usiku)
Karibu, mkuu. Umetupa majina ya kampuni ukaficha ya kwenu. Pesa ni kiasi gani? Mnakaa nazo miaka mingapi? Chama kimesajiliwa au ni kikundi cha WhatsApp? Akaunti ya dalali iko kwa jina la nani? Mnataka gawio la kugawana au mnangoja bei ipande? Bila hayo tunapiga ramli.

Pwani_Kuu (saa 2:40 usiku)
Mimi HII bila kusita. Yadi yao ya Newport News kule Virginia ndiyo pekee Marekani inayounda meli za kubeba ndege zinazoendeshwa kwa nyuklia. Nyambizi za nyuklia zinaundwa na wawili tu, wao na Electric Boat ya General Dynamics. Yadi yao nyingine, Ingalls kule Mississippi, inaunda manowari na meli za kushushia wanajeshi. Mteja ni serikali ya Marekani, hafungi duka. Oda za bilioni 48.7 kwa mapato ya bilioni 11.5 ni kazi ya zaidi ya miaka minne iliyokwisha kutiwa saini.

Hesabu_Kavu (saa 3:22 usiku)
Pwani_Kuu, nakuheshimu, lakini hoja hiyo ya oda ndiyo iliyoumiza watu 2024. Nieleze kwa kirefu kwa sababu mweka hazina anaelekea kwenye shimo lilelile.

Mwaka 2023 HII ilipata mapato ya dola bilioni 11.45 na faida halisi ya milioni 681. Fedha huru, yaani taslimu iliyobaki baada ya uendeshaji na ununuzi wa mitambo, ilikuwa milioni 692. Kila mtu alifurahi. Kwa 2024 wenyewe walitabiri fedha huru ya milioni 600 hadi 700. Tarehe 31 Oktoba 2024 wakatoa hesabu za robo ya tatu: faida kwa kila hisa dola 2.56 badala ya 3.70 ya mwaka uliotangulia, na utabiri wa fedha huru ukashushwa hadi kati ya sifuri na milioni 100. Hisa ilianguka takriban asilimia 26 siku hiyo moja. Mwaka ukafungwa na mapato ya bilioni 11.5, faida halisi milioni 550, fedha huru milioni 40. Oda? Zilikuwa zimepanda kutoka bilioni 48.1 hadi 48.7. Nambari aliyoitegemea kila mtu haikutikisika hata kidogo, na pesa zilikuwa zimekwisha kutoka.

Sababu yenyewe ni namna yadi inavyoandika mapato. Meli inachukua miaka mitano au zaidi, kwa hiyo hawangoji kuikabidhi. Wanaandika mapato kadiri gharama zinavyotumika dhidi ya makadirio ya gharama yote hadi kukamilika. Chukua mkataba wa dola milioni 100 ambao gharama yake imekadiriwa kuwa 90. Ukishatumia 45 uko nusu ya kazi, unaandika mapato 50 na faida 5. Robo inayofuata mhandisi anasema gharama itafika 96. Ghafla zile 45 si nusu tena, ni asilimia 46.9. Faida uliyostahili hadi hapo ni 1.9 tu, na ile tofauti ya 3.1 inakatwa yote katika robo hiyo moja. Hakuna bati lililokatwa vibaya wiki hiyo, hakuna meli iliyozama. Makadirio tu yamebadilika. Zidisha hapo kwa nyambizi na meli za kubeba ndege uone.

Kwa hiyo kwenye ripoti ya mwaka, fomu ya 10-K, usianze na ukurasa wa picha. Tafuta sehemu inayoeleza marekebisho ya makadirio ya mikataba, ya kupanda na ya kushuka, kwa kila kitengo. Kisha linganisha faida halisi na fedha za uendeshaji kwa miaka mitatu. Faida ikiwepo na pesa hazionekani, uliza ziko wapi.

Fundi_Chuma (saa 3:50 usiku)
Naongeza upande wa karakana, maana makadirio hayabadiliki yenyewe. Kwenye uundaji wa meli kuna kanuni ya 1-3-8. Kazi ya saa moja ukiifanya ndani ya karakana inakuwa saa tatu ukiifanya kwenye sehemu kubwa iliyokwisha kuunganishwa, na saa nane ukiifanya meli ikiwa majini. Bomba lichelewe kutoka kwa msambazaji, wasimamizi waamue kusogeza ile sehemu mbele ili ratiba ionekane inatembea, basi lile bomba litafungwa baadaye na mtu aliyejikunja kwenye tundu lisilomtosha, huku mwenzake ameshika blanketi la kuzuia cheche zisiguse nyaya. Hapo ndipo faida inapoyeyukia.

Halafu mafundi. Baada ya Korona wazee wengi waliondoka, na vijana walioajiriwa hawakai. Fundi wa kuchomelea wa mwaka wa kwanza hafikii kasi ya mwenye miaka kumi, na kazi yake inarudiwa zaidi. Septemba 2024 Newport News wenyewe walitoa taarifa kwamba baadhi ya wachomeleaji hawakufuata utaratibu. Kila kiungo chenye shaka lazima kikaguliwe upya. Wanamaji wa Marekani wanataka nyambizi mbili za aina ya Virginia kwa mwaka, na kasi halisi imekuwa kama 1.2.

Pwani_Kuu (saa 4:05 usiku)
Sawa, lakini mwaka huohuo walikabidhi nyambizi New Jersey na meli ya kushushia wanajeshi Richard M. McCool Jr. Kazi inatoka. Na bei ikianguka asilimia 26 ndiyo wakati wa kununua.

Hesabu_Kavu (saa 4:09 usiku)
Inaweza kuwa. Angalia tu kitengo kwa kitengo: Newport News ilishuka kutoka faida ya uendeshaji ya asilimia 6.2 hadi 4.1, Ingalls kutoka 13.2 hadi 7.6. General Dynamics upande wa meli ilipata kama asilimia 6.5 mwaka huohuo, na ina biashara nyingine ya ndege na vifaru ya kuibeba. Mikataba mingi ya HII ilikubaliwa kabla ya bei kupanda duniani. Hadi meli hizo za zamani zikabidhiwe na mikataba mipya iingie, nafuu itakuja polepole.

Dada_Riba (Jumanne, saa 1:15 asubuhi)
Habari za asubuhi. Mbona Mazagon mnaipita? Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024 mapato yalikuwa rupia bilioni 94.7 na faida halisi bilioni 19.4. Hiyo ni asilimia 20! Hakuna yadi ya Marekani inayoota hivyo. Na Januari 15, 2025 manowari Surat, frigeti Nilgiri na nyambizi Vagsheer ziliingia kazini siku moja pale Mumbai, zote tatu zimeundwa na wao.

Hesabu_Kavu (saa 1:48 asubuhi)
Dada, ni yadi nzuri, sikatai. Lakini vunja hiyo 20. Serikali ya India hulipa malipo ya awali makubwa, na fedha hizo zinakaa benki zikizaa riba. Mapato mengine yasiyotokana na kuunda meli yalizidi rupia bilioni 10 mwaka huo. Meli zikikamilika na malipo ya awali yakaliwa bila oda mpya kubwa kuingia, riba nayo inapungua. Swali la kuuliza Mazagon ni lini mkataba ujao wa nyambizi utatiwa saini. Pia serikali inashika zaidi ya asilimia 80 ya hisa. Siku ikiamua kuuza fungu, bei inatikisika.

Fundi_Chuma (saa 1:55 asubuhi)
Na mnanunuaje mkiwa Nairobi? India si kama Marekani kwamba unafungua akaunti kwa simu. Mgeni hupitia usajili wa mwekezaji wa kigeni, na karatasi zake zimetengenezewa mifuko mikubwa, si chama.

Mweka_Hazina14 (saa 7:20 mchana)
Asanteni sana wakuu. Majibu: tuna shilingi milioni 2.6, wanachama 14, tumesajiliwa kama kikundi cha kijamii. Muda ni miaka mitatu, labda minne. Wengi wanataka gawio kila mwaka. Akaunti ya dalali iko kwa jina la mwenyekiti kwa sababu kikundi kilikataliwa.

Dada_Riba (saa 7:26 mchana)
Simameni hapo kwanza! Jina la mwenyekiti?

Hesabu_Kavu (saa 8:02 mchana)
Ningekuwa nimeambiwa hili jana ningeanza nalo. Kwa Marekani mwenyekiti atajaza fomu ya kodi ya W-8BEN, ambayo ni ya mtu binafsi, akitangaza kwamba yeye ndiye mwenye mali. Chama kingejaza W-8BEN-E. Akifariki, mahakama na familia yake wanaona hisa za marehemu. Zaidi ya hapo, mgeni akifa akiwa na mali ya Marekani inayozidi dola 60,000, kuna kodi ya mirathi kule. Zenu ni kama dola 20,000, lakini je, ana hisa zake nyingine kwenye akaunti hiyohiyo? Kwa uchache andikeni hati ya udhamini, inayosema anazishika kwa niaba ya chama, mbele ya wakili, ikitaja idadi ya hisa na fungu la kila mwanachama, kabla ya shilingi moja kutoka.

Sasa gawio. Mwanzoni mwa 2025 HII ililipa dola 1.35 kwa robo, sawa na 5.40 kwa mwaka. Hisa ikiwa kama dola 200 mtapata hisa 100, yaani dola 540. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 inakatwa kabla haijafika. Zinabaki 378. Kwa shilingi 129 ni kama 48,800, gawanyeni kwa 14: kila mtu kama 3,480 kwa mwaka. Waelezeni wanachama nambari hiyo kabla ya kura, si baada.

Baba_Neema (saa 10:40 jioni)
Na shilingi yenyewe. Januari 2024 dola ilikuwa karibu 160, kufikia mwisho wa Machi iko kama 130. Aliyenunua dola juu kule alipoteza karibu asilimia 19 bila hisa kusogea. Ongezeni pengo la benki la kununua na kuuza.

Fincantieri hakuna aliyeigusa. Mapato ya 2024 euro bilioni 8.1, faida halisi milioni 27 tu, ila 2023 ilikuwa hasara ya milioni 53 na 2022 hasara ya milioni 324. Mwelekeo ni mzuri. Na ni yadi tunayoijua: meli za jeshi letu la majini, KNS Nyayo na Umoja, zilifanyiwa ukarabati mkubwa kwao, La Spezia.

Pwani_Kuu (saa 11:05 jioni)
Fincantieri si ya manowari tupu, Baba Neema. Sehemu kubwa ni meli za kitalii. Na 2024 waliomba wanahisa euro milioni 400 ili wanunue biashara ya silaha za chini ya maji ya kampuni ya Leonardo ya Italia. Usipochangia, fungu lako linapungua. Kwenye yadi yao ya Marinette, Wisconsin, frigeti ya kwanza ya aina ya Constellation ya wanamaji wa Marekani imechelewa miaka mitatu kwa sababu usanifu ulibadilishwabadilishwa kazi ikiwa imeanza.

Fundi_Chuma (saa 11:30 jioni)
Hilo la kuanza kukata bati kabla michoro haijakamilika ndilo kosa kubwa kuliko yote kwenye yadi, na lilikuwa la mteja kama lilivyokuwa la mjenzi. Ukibadilisha uzito wa mtambo mmoja, unabadilisha msingi wake, kisha mabomba, kisha mizani ya meli nzima.

Baba_Neema (saa 1:10 usiku)
Mimi naumia kuona pesa ya Nairobi ikienda Virginia wakati tuna Kenya Shipyards hapa. Kisumu wameunda MV Uhuru II, meli ya mita 100 inayobeba mabehewa ya treni. Mbona haiorodheshwi pale soko la hisa tukanunua?

Hesabu_Kavu (saa 1:25 usiku)
Ni shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, ndugu. Ili uiorodheshe, ingebidi ichapishe mapato kwa kila meli, makadirio na marekebisho yake, kama hao wengine. Ningefurahi sana kuiona hesabu ya Uhuru II hivyo: saa za kazi zilizopangwa na zilizotumika.

Fundi_Chuma (saa 1:33 usiku)
Saa za kazi ndizo hasa. Chuma chake kilikatwa na kuchomelewa na mafundi wetu, kwa msaada wa kiufundi wa Damen, waundaji meli wa Uholanzi. Meli ya pili ikitumia saa pungufu kuliko ya kwanza, ujue yadi imejifunza.

Mweka_Hazina14 (saa 3:48 usiku)
Nimempigia mwenyekiti. Ana hisa zake nyingine za Marekani kwenye akaunti hiyo, hakusema ni kiasi gani. Kura ya Jumamosi nimeomba isogezwe. Nani anajua dalali anayekubali kikundi kilichosajiliwa kwa jina lake, chenye wawekaji sahihi watatu?

Dada_Riba (saa 3:55 usiku)
Wengi watakuomba katiba ya kikundi, kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha, cheti cha usajili, PIN ya kikundi ya KRA na vitambulisho vya hao watatu. Hiyo PIN mnayo?