Tupeane uzoefu: riwaya ya wapweke wawili iliyokushika

Wadau, naomba tupeane uzoefu. Riwaya ya watu wawili wasio na kwao wakavutana, na ukashindwa kuisahau. Usiishie kwenye jina la kitabu, sema ulikuwa unapitia nini.

Naanza. Yangu ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847. Jane ni yatima, kalelewa na mke wa mjomba asiyemtaka, sasa anafundisha mtoto kwenye jumba la watu: mtumishi si mtumishi, mgeni si mgeni. Rochester, mwenye jumba, ana mali, wa kuzungumza naye hana. Wanakutana njiani jioni ya baridi. Farasi anateleza kwenye barafu, bwana anateguka mguu, inabidi aegemee bega la binti asiyemjua ili apande tena farasi. Binti naye hajui kwamba huyo ndiye mwajiri wake. Nilikuwa nimehamia mahali ambapo siku nzima ilipita sijaitwa jina langu. Nilifurahi mno kuona yule asiyehesabiwa ndiye aliyehitajiwa kwanza.

*

Mkuu, kitabu hicho hicho, ila mimi ni pale Jane anapoondoka. Kajua Rochester ana mke aliye hai, bado anampenda, na alfajiri anaondoka. Nilikuwa na mtu kwa sababu ya kuogopa kubaki peke yangu tu. Wiki ile ile nikamuaga.

*

Shida yangu na riwaya hizi ni haraka. Wanakutana, kurasa chache mbele wameshapona! Mimi na mwenzangu tulikuwa wageni kazini, tukala meza moja miezi kibao kabla ya kuulizana habari za nyumbani. Mwandishi akinionyesha huyu anasogeza kiti, yule anamwachia gazeti, hapo naamini.

*

Naongeza Frankenstein ya Mary Shelley, 1818. Wengi wanakumbuka kutisha kwake. Mimi nakumbuka yule kiumbe wa sura ya kutisha, aliyeundwa na mwanasayansi kisha akatelekezwa, alivyojificha bandani akiichungulia familia kwenye ufa, usiku akiwaletea kuni, akitafuta ujasiri wa kujitokeza. Anaingia ndani mzee kipofu wa familia hiyo akiwa amebaki peke yake, anasikilizwa vizuri kabisa, mpaka vijana wanarudi na kumwona. Nina kovu kubwa usoni. Kwenye simu watu hucheka nami saa nzima, tukionana wanatazama pembeni. Mwandishi yule alilijua hilo, na nampenda kwa hilo.