Laptopu haioni Waifai ya nyumbani baada ya umeme kurudi, ilhali simu inaiona

MamaKorosho, Mtwara

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Shangani hapa Mtwara, na katika msimu huu wa korosho ninaandalia nyumbani hesabu za chama chetu cha msingi, yaani kilo zilizopokelewa ghalani na malipo ya wakulima, kisha ninazituma usiku watoto wakishalala. Tangu Oktoba laptopu yangu, ambayo niliinunua ikiwa mtumba, imekuwa na tabia nisiyoielewa. Siku nyingine haioni kabisa mtandao wa Waifai wa nyumbani. Ingekuwa inauona na kushindwa kuunganika ningedhani nimekosea nywila, lakini jina lenyewe halimo kwenye orodha, wakati mitandao ya majirani wote imejipanga pale. Siku nyingine jina linarudi na ninafanya kazi hadi saa sita usiku bila shida yoyote.

Nimeona kwamba jina hupotea zaidi umeme unapokatika na kurudi, ingawa si kila mara. Nimewasha upya laptopu, nimefuta mtandao ule kwenye kumbukumbu yake, na nimesogeza meza hadi ikawa hatua mbili tu kutoka kwenye ruta, yaani kile kifaa kinachorusha Waifai. Fundi mmoja wa mjini ameniambia kadi ya Waifai imekufa na anataka shilingi 45,000 aibadilishe. Kabla sijazitoa, naomba mwenye uzoefu anisaidie kujua kama kadi iliyokufa inaweza kufufuka siku za Jumanne na kufa tena Alhamisi.

KijanaWaMasasi

Mama, shikamoo, na pole kwa usumbufu. Yangu ilinisumbua hivyo hivyo mwaka jana, na sababu ilikuwa mpangilio wa Windows wa kuokoa betri, ambao huizima kadi ya Waifai laptopu inapolala na wakati mwingine hushindwa kuiamsha. Fungua sehemu ya kusimamia vifaa, tafuta kadi ya mtandao, ingia kwenye mipangilio yake ya umeme, kisha uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi. Ikishindikana, futa draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, na uwashe upya ili ijipange yenyewe. Usipofanikiwa kwa hayo, nunua adapta ndogo ya Waifai ya kuchomeka kwenye tundu la USB, maana bei yake ni nafuu kuliko hiyo uliyotajiwa.

MzeeWaMikindani

Mwanangu, ushauri wa kijana ni mzuri kwa ugonjwa mwingine, lakini kadi iliyozimwa isingeona hata mitandao ya majirani, nawe umesema inaiona yote. Kwa hiyo kadi iko macho.

Mimi ninaishi katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye kuta nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiganjani hadi kiwiko, na nimejifunza kwa taabu kutenganisha mambo mawili: safari ya mawimbi kutoka laptopu hadi ruta, na safari ya data kutoka ruta kwenda duniani. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, hapa kwangu alama ya Waifai ilikuwa imejaa kabisa na hakuna ukurasa uliofunguka. Watu walibadilisha ruta zisizo na kosa lolote. Kwako wewe safari ya kwanza ndiyo inayokatika, hivyo mtoa huduma mwache kwanza.

Naomba majibu ya maswali matatu. Jina linapopotea kwenye laptopu, je, simu yako inaliona? Ukiwasha hotspoti ya simu wakati huo huo, je, laptopu inaiona hotspoti? Na hiyo laptopu ilitoka nchi gani kabla ya kufika dukani?

MamaKorosho, Mtwara

Shikamoo mzee, ahsante sana. Leo saa kumi umeme ulikatika na kurudi, na jina likapotea, kwa hiyo nimejaribu papo hapo. Simu inaliona jina na inatumia intaneti vizuri. Hotspoti ya simu laptopu imeiona mara moja, na ndiyo ninayotumia kuandika hapa, ingawa inakula bando langu. Kuhusu ilikotoka, muuzaji alisema Marekani, na kweli chini yake kuna kibandiko cha shule moja ya Texas ambacho sijafanikiwa kukibandua.

FundiWaLindi

Mama, usitoe hizo 45,000. Mzee ameuliza swali la tatu kwa makusudi, nami nitalimalizia.

Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 imegawanywa katika chaneli, yaani njia zenye namba ambazo mtandao huchagua mojawapo. Kwetu Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi, chaneli 1 hadi 13 zinatumika. Marekani vifaa vya kawaida huishia chaneli 11, na kadi nyingi za laptopu zilizotengenezwa kwa soko la huko zimefungwa hivyo kiwandani, kwa hiyo mtandao uliopo chaneli 12 au 13 kwao ni kama haupo. Simu yako iliyouzwa huku haina kizuizi hicho.

Sasa tazama ruta yako. Ikiwa imepangwa kujichagulia chaneli, basi kila inapowaka husikiliza mazingira na kwenda palipo patulivu. Nina hakika Oktoba umepata majirani wapya, kwa sababu minada ya korosho inapoanza nyumba za wageni hujaa na kila moja hufunga ruta yake. Nyingi hukaa chaneli 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Ruta yako inaona huko kote kuna kelele, inakimbilia 13, na laptopu yako inabaki inashangaa. Umeme ukirudi wakati wageni wa jirani wamezima ya kwao, inachagua 6, nawe unadhani kadi imefufuka.

Hakikisha kwanza. Weka kwenye simu programu yoyote ya kuchunguza Waifai ambayo huonyesha namba ya chaneli ya kila mtandao. Ukikuta wa kwako uko 12 au 13, ungana na ruta kwa simu, fungua kivinjari, kisha andika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ingia kwa jina na nywila vilivyoandikwa hapo hapo, na ukiwa ndani badilisha nywila hiyo, kwa kuwa kila mgeni anayekaa sebuleni kwako anaweza kuisoma. Katika mipangilio ya gigahezi 2.4 ondoa uchaguzi wa kujiendesha, chagua 1, 6 au 11, weka upana wa megahezi 20, halafu hifadhi. Usivutiwe na chaneli 4 au 8 kwa kuwa zinaonekana tupu. Chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu wakati mtandao mmoja unachukua takriban 20, hivyo ukikaa katikati utasumbuliwa na majirani wa pande zote mbili na wewe utawasumbua wote.

KijanaWaMasasi

Nimejifunza. Nakiri kwamba hiyo adapta ya USB niliyompendekezea mama ingeweza nayo kuwa ya soko la Marekani, na tatizo lingebaki pale pale.

MamaKorosho, Mtwara

Ilikuwa 13. Programu ya simu imeonyesha nyumba ya wageni iliyo ukuta kwa ukuta nasi ina mitandao mitatu, miwili ikiwa chaneli 6 na mmoja 11, na kabla ya Oktoba haikuwa na hata mmoja. Nimeiweka ruta yangu kwenye chaneli 1, na jina likatokea kwenye laptopu hata kabla sijakaa kitini. Nimezima na kuwasha ruta mara nne ili kuigiza kukatika kwa umeme, na mara zote nne laptopu imeungana yenyewe. Jikoni mawimbi bado ni dhaifu, lakini hesabu sizifanyii jikoni.

FundiWaLindi

Vizuri, mama. Andika kwenye karatasi kwamba ruta iko chaneli 1 na uibandike juu yake, kwa sababu siku mtu atakapobonyeza kile kitufe kidogo cha kuirudisha katika hali ya kiwandani, itaanza tena kujichagulia, na wewe utakuwa umeshasahau.

MamaKorosho, Mtwara

Nimeibandika. Mwanangu wa darasa la tano ameshauliza kitufe chenyewe kiko wapi.