Filamu ya msitu wa Bamburi: gumzo la ukoo

Salma: Assalam aleikum jamaa. Tushapata ruhusa, Jumamosi asubuhi twaingia Haller Park, ule msitu wa Bamburi, kupiga picha. Hamisi, simu ilale kwenye chaji.

Hamisi: Waaleikum salaam. Basi tuanze na Owen na Mzee. Mtoto wa kiboko kaokolewa Malindi wakati wa tsunami ya 2004, kaletwa Bamburi, kamganda kobe mzee asimwache. Watu watalia!

Salma: Hiyo dunia nzima ishaiona. Filamu yetu yamhusu René Haller, aliyeuanzisha huo msitu.

Fatma: Wengi hata hawajui pale palikuwa shimo. Wadhani msitu uliumbwa na twiga wake ndani 😂

Ami Athumani: Mimi nalijua lile shimo. Wamechimba mawe ya saruji mpaka karibu wayafikie maji ya chumvi. Jua likipiga lile jiwe jeupe, macho huyafungui. Hata nyasi hakuna.

Salma: Ami! Hayo hayo utayasema mbele ya kamera.

Ami Athumani: Nivae kanzu ama shati?

Bi Rukia: Kanzu. Na ile kofia ya vito, si hiyo iliyotoboka.

Salma: Sasa sikizeni hadithi yenyewe. 1971 Haller, Mswisi aliyesomea kilimo, apanda aina 26 za miti juu ya jiwe tupu. Zikapona tatu. Mvinje ndio ulioshika kweli, chumvi hauiogopi, na mizizi yake ina bakteria wa kuupatia naitrojeni ya hewani.

Hamisi: Hapo mimi nshalala.

Salma: Ngoja basi. Majani yakaanguka yakarundikana, hayaozi. Yana tanini nyingi, ile kemikali chungu izuiayo kuoza. Na yasipooza udongo utatoka wapi? Siku moja Haller akamwona jongoo, yule mkubwa wa miguu myekundu, ayatafuna. Akaleta wengine mamia, wakala, wakanya, udongo ukaanza.

Fatma: Majongoo?? Mimi siji.

Bi Rukia: Wewe si ndiye uliyekuwa ukiwachezea uani mvua ikinyesha?

Fatma: Shangazi jamani, nilikuwa mtoto 🙈

Hamisi: [video] Tazameni, nimempata mmoja chini ya mvinje huku Kisauni. Simu nimeilaza mchangani.

Fatma: Ebu! Anaanzia ncha, jani lafupika hivi hivi ukiangalia. Na vile vidonge vyeusi nyuma yake?

Salma: Ndiyo mbolea yenyewe! Hamisi, umeua. Filamu inafungua na huyu.

Ami Athumani: Na huo mngurumo?

Hamisi: Tuktuk, Ami. Nitarudia alfajiri.

Bi Rukia: Mimi nina neno. Mwasema Haller kapanda, Haller kaleta. Kwani yale mashimo ya kupandia miti kwenye jiwe aliyachimba peke yake? Walikuweko vibarua, watu wa huku huku. Watafuteni walio hai, nao waseme.

Ami Athumani: Kweli kabisa. Yuko mmoja nasali naye Ijumaa. Nitamuuliza.

Salma: Shangazi, hilo sikuliwaza, na bila hilo filamu ni nusu. Ami, akikubali twaenda kwake kwanza.

Hamisi: Na Owen?

Salma: Dakika moja.

Hamisi: Mbili.

Salma: Moja na nusu, na usinijibu tena. Gari saa kumi na mbili unusu.

Bi Rukia: Mahamri na mbaazi juu yangu. Na Ami yenu asitiliwe sukari kwenye chai, hata akidai yeye sasa ni msanii.